Friedrich Miescher: Mtu Aliyeitoa DNA Kwenye Usaha



Ndugu zangu, muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza ni nani aliyegundua DNA. Atakujibu papo hapo: Watson na Crick, mwaka 1953. Ndivyo wengi wetu tulivyotoka nalo sekondari. Lakini Watson na Crick walieleza umbo la DNA, yaani ile ngazi iliyosokotwa tunayoichora kwenye mitihani. Kitu chenyewe kilikuwa kimeshatiwa kwenye chupa miaka 84 kabla yao, na aliyekitia alikuwa kijana wa miaka 24, mzito wa kusikia, akifanya kazi katika jiko la zamani la ngome.

Mimi ninasoma biolojia, na muhula huu wote kazi yetu ya maabara imekuwa kutoa DNA kutoka kwenye seli. Tunafuata hatua zilizoandikwa kwenye karatasi: vunja seli, ondoa mafuta, ondoa protini, osha, kausha, pima. Nilitaka kujua nani wa kwanza alizipanga hatua hizi, na kutafuta huko kukanifikisha kwa Friedrich Miescher. Nimeona maisha yake yatufae sote, hata wale wanaosoma sheria au biashara.

Miescher alizaliwa Basel, nchini Uswisi, tarehe 13 Agosti 1844. Nyumba yao ilikuwa ya wasomi. Baba yake alikuwa tabibu na profesa, na mjomba wake, Wilhelm His, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa maumbile ya mwili. Mtoto mwenyewe alikuwa mwerevu lakini mwenye haya. Maradhi ya sikio aliyoyapata udogoni yalimpunguzia usikivu, na hali hiyo ikamfanya azidi kujitenga na watu.

Alisomea udaktari hapo hapo Basel. Katikati ya masomo akashikwa na homa ya matumbo, masomo yakasimama kwa muda mrefu. Akapona, akaendelea, akahitimu mwaka 1868. Hapo ndipo alipokutana na swali ambalo wengi wetu tutakutana nalo siku moja baada ya mahafali: sasa nifanye nini? Daktari wa zama zile aliishi kwa masikio yake, akiweka sikio kifuani kwa mgonjwa na kusikiliza mapafu na moyo. Kwa Miescher mlango huo ulikuwa mwembamba. Mjomba wake ndiye aliyemshauri aende kwenye utafiti. His aliamini kwamba maswali makubwa ya mwili yatajibiwa mwishowe na kemia. Kijana akakubali, akasafiri kwenda Tübingen, Ujerumani.

Huko Tübingen kulikuwa na Felix Hoppe-Seyler, mmoja wa watu wa kwanza duniani kuifanya kemia ya viumbe hai kuwa elimu inayojitegemea. Ndiye aliyeipa himoglobini jina lake. Maabara yake ilikuwa ndani ya ngome kongwe juu ya kilima, na Miescher akapewa nafasi katika chumba kilichokuwa jiko la ngome hiyo, chenye kuta nene na madirisha madogo.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunguza seli imeundwa na vitu gani. Kwanza alijaribu kutoa seli kutoka kwenye tezi za limfu. Akapata kidogo mno, na hazikuwa safi. Basi akageukia chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zilikuwa tele mahali ambapo hakuna aliyepatamani: kwenye usaha. Miaka hiyo matumizi ya dawa za kuua vijidudu kwenye vidonda ndiyo kwanza yanaanza, kwa hiyo wagonjwa wa upasuaji walitoa usaha kila siku. Miescher akawa anapokea bandeji zilizotumika kutoka hospitali ya upasuaji ya jirani. Zilizooza akazitupa, zilizo mbichi akazibakisha.

Tafakari hapo kidogo, ndugu msomaji. Usaha ni kitu ambacho sisi tukikikuta kwenye nguo tunakiosha kabla ya kusimama kuswali. Ndani ya uchafu huo ndimo mlimokuwa na kitu ambacho dunia nzima inakitafuta leo kwa mashine za thamani kubwa.

Sasa nieleze alivyofanya, maana hapa ndipo ilipo kazi yake.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuziosha seli kutoka kwenye bandeji bila kuzipasua. Maji ya chumvi aliyojaribu mwanzoni yalizifanya zivimbe na kugandamana kama uji. Baada ya kujaribu miyeyusho mbalimbali akakuta kwamba mmumunyo hafifu wa salfeti ya sodiamu unaziachia zikiwa nzima. Akauchuja kwa kitambaa ili kuondoa nyuzi za pamba, akaacha seli zitue chini ya chombo.

Katika kuzichunguza aliona jambo lisilo la kawaida. Alipotia tindikali, kitu fulani kiliganda na kutengana na mmumunyo. Alipotia alkali, kikayeyuka tena. Protini alizozijua hazikuwa na tabia hiyo. Akashuku kwamba kitu hicho kinatoka ndani ya kiini cha seli, na wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika kiini kina kazi gani.

Hatua ya pili, kwa hiyo, ilikuwa kutenga viini peke yake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya vizuri kabla yake. Aliziacha seli kwenye tindikali hafifu ya haidrokloriki kwa wiki kadhaa, akiibadilisha mara kwa mara, mpaka nyama ya seli ikayeyuka na viini vikabaki. Kisha akaondoa mafuta kwa alkoholi ya moto na etha.

Hatua ya tatu ilikuwa kuondoa protini zilizobaki. Kwa kazi hiyo alihitaji kimeng'enya kinachomeng'enya protini, yaani pepsini. Hakukuwa na duka la kukiuza kikiwa safi, kwa hiyo alikitengeneza mwenyewe kwa kusuuza matumbo ya nguruwe kwa tindikali. Najua hapa wengine mtakunja uso. Kwa faida ya wanaosomea fani hii niseme kwamba kimeng'enya tunachotumia siku hizi kwa hatua hii, protinezi K, asili yake ni kuvu.

Baada ya pepsini kumaliza kazi yake, chini ya chombo kilibaki kitu cheupe kidogo. Akakitia alkali kikayeyuka, akakitia tindikali kikarudi. Akakichoma ili ajue kina elementi gani. Akakuta kaboni, haidrojeni, oksijeni na nitrojeni kama ilivyo kwenye protini, lakini akakuta pia fosforasi kwa wingi usio wa kawaida. Pepsini haikukigusa. Kwa hiyo hakikuwa protini, wala hakikuwa mafuta. Kwa kuwa kilitoka kwenye kiini, ambacho kwa Kilatini ni nucleus, akakiita nukleini. Huo ulikuwa mwaka 1869. Ndiyo DNA hiyo.

Wenzangu wa maabara wataona ninachokusudia. Chukua karatasi ya hatua tunazofuata leo uilinganishe. Vunja seli: yeye alitumia tindikali, sisi tunatumia sabuni maalumu. Ondoa mafuta na protini: yeye alitumia alkoholi, etha na pepsini, sisi tunatumia protinezi K na mara nyingine fenoli na klorofomu. Igandishe DNA itoke kwenye mmumunyo: yeye alitumia tindikali, sisi tunatumia alkoholi baridi na chumvi. Vifaa vimebadilika, na kilichomchukua wiki kadhaa sisi tunakimaliza kabla ya adhuhuri. Mpangilio wa fikra ni ule ule: ondoa kimoja kimoja kila kisichotakiwa, mpaka kibaki unachokitafuta peke yake. Hata jaribio lile la wanafunzi la kutoa DNA kwenye ndizi mbivu kwa sabuni ya vyombo, chumvi na spiriti iliyopozwa ni mjukuu wa kazi ya jikoni kule ngomeni.

Miescher aliandika matokeo yake na kumkabidhi mwalimu wake. Hoppe-Seyler aliyasoma, akayaweka kando. Jambo lilikuwa zito mno: kijana asiyejulikana anadai kuna aina mpya kabisa ya kitu ndani ya seli, ambayo si protini, si mafuta, si sukari. Mwalimu akasema moyoni kwamba hawezi kuliweka jina lake kwenye dai kama hilo mpaka alirudie mwenyewe. Akalirudia tangu mwanzo. Akawaagiza na wanafunzi wengine watafute nukleini kwenye vitu vingine. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 navyo vikachelewesha uchapishaji. Miescher, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Leipzig, alikaa roho juu, akihofia kwamba mtu mwingine atamtangulia. Makala yakatoka mwaka 1871, pamoja na makala ya Hoppe-Seyler yanayothibitisha kwamba kijana alisema kweli.

Ningependa tulitazame jambo hili kwa pande zote mbili. Kwa Miescher ile miaka miwili ilikuwa adha. Lakini nukleini ilitoka ikiwa imeshathibitishwa, kwa sababu mwalimu wake alikataa kuipitisha kwa kumwamini tu. Sisi tulio na urithi mkubwa wa kupima wapokezi wa habari kabla ya kuipokea habari yenyewe tunaielewa tabia hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1872, akiwa hajatimiza miaka 28, Miescher alipewa uprofesa Basel, katika kiti ambacho baba yake na mjomba wake walikuwa wamekikalia kabla yake. Watu wakasema kapewa kwa ajili ya ukoo wake. Hakujibu kwa maneno. Alitafuta malighafi bora kuliko usaha, akaipata mtoni. Enzi hizo samaki aina ya salmoni walipanda mto Rhine kwa wingi kwenda kuzaa, wakapita Basel. Samaki huyo akiingia mtoni hukaa miezi bila kula, na mwili wake hugeuza nyama ya misuli kuwa mayai au manii. Jambo hilo nalo Miescher alilichunguza kwa makini. Kichwa cha mbegu ya kiume karibu chote ni kiini. Mtu anayetafuta nukleini hawezi kupata zawadi nzuri zaidi.

Tatizo lilikuwa joto. Nukleini huharibika upesi ikiwa haikupozwa, na friji hazikuwapo. Basi Miescher alifanya kazi majira ya baridi tu. Aliamka kabla ya alfajiri, akachukua samaki, akaingia kwenye chumba kisicho na moto na madirisha yakiwa wazi, akaikimbiza kazi kabla sampuli haijaharibika. Maabara yake Basel ilikuwa finyu na vifaa vilikuwa haba. Mwaka 1874 akachapisha matokeo: nukleini imo kwenye manii ya salmoni, na ya samaki aitwaye karpu, na ya chura, na ya fahali. Alionyesha kwamba ni tindikali yenye molekuli kubwa, na kwamba imefungamana na kitu kingine cha alkali alichokiita protamini. Manii ya salmoni yalidumu maabara: mpaka leo DNA yake inauzwa kwa watafiti, nao huitumia kuzuia vipimo vyao visishike pasipotakiwa.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma zaidi katika maisha yake. Miescher alikuwa na nukleini mkononi, na alikuwa ameitoa kwenye mbegu za uzazi. Aliandika kwamba kama kuna kitu kimoja maalumu kinachosababisha utungaji mimba, basi cha kufikiriwa kwanza ni nukleini. Kisha akaliacha wazo hilo. Aliona nukleini ya samaki na ya fahali zinafanana mno. Vipi kitu kimoja kilete viumbe tofauti namna ile? Miaka ya mwisho ya uhai wake alimwandikia mjomba wake kwamba molekuli kubwa zenye sehemu zinazoweza kupangwa kwa namna nyingi zingeweza kubeba tabia za urithi, kama vile herufi chache zinavyotosha kuandika maneno ya lugha zote. Wazo lilikuwa sahihi. Molekuli aliyoifikiria ilikuwa ya protini.

Wakati huo huo, watu wengine walikuwa wakiukaribia ukweli kwa njia nyingine. Walther Flemming, huko Kiel, alitia viini rangi na kuvitazama kwa darubini, akaona nyuzi zinazogawanyika sawasawa kila seli inapogawanyika. Mwaka 1888 nyuzi hizo zikaitwa kromosomu. Miescher hakuwa na imani kubwa na watu wa rangi na darubini. Kwake yeye, kitu usichoweza kukipima kikemia hujakijua. Hivyo mtu mwenye DNA kwenye chupa na watu wenye kromosomu chini ya darubini walikuwa wakizungumzia jambo moja, na hawakuketi pamoja. Mwaka 1895 mwanabiolojia wa Marekani, Edmund Wilson, aliandika kwamba kitu kinachoonekana kwa rangi na nukleini huenda ni kitu kimoja, na kwamba urithi huenda ni kupitishwa kwa kemikali hiyo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Mwaka huo huo Miescher alikuwa anakufa. Alikuwa amejichosha. Serikali ilimtwisha kazi ya kuchunguza lishe ya wafungwa, alianzisha taasisi mpya ya anatomia na fiziolojia iliyofunguliwa Basel mwaka 1885, na alifundisha, ingawa wanafunzi walilalamika kwamba ni vigumu kumfuata. Alilala kidogo mno. Kifua kikuu kikampata, akahamia Davos milimani, mahali walipopelekwa wagonjwa wa mapafu, na huko akafariki tarehe 26 Agosti 1895, akiwa na umri wa miaka 51. Mengi aliyoyafanya alikuwa hajayachapisha, kwa kuwa kila mara aliona bado kuna kitu cha kusafisha zaidi. Ni mjomba wake aliyeyakusanya maandishi yake na kuyatoa kitabu mwaka 1897.

Jina la kitu chake nalo lilibadilika. Richard Altmann alikiita tindikali ya nukleini mwaka 1889. Albrecht Kossel, aliyekuwa mwanafunzi wa Hoppe-Seyler, alichambua sehemu zake na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili huko New York walithibitisha kwamba DNA ndiyo inayobadili urithi wa bakteria, na walifika hapo kwa njia ya Miescher: kuondoa protini, kuondoa kila kingine, na kuona kinachobaki.

Njia safi iliwaokoa pia watu wa kromosomu. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48. Zilihesabiwa kwenye vipande ambavyo kromosomu zilirundikana juu ya nyingine. Mwishoni mwa 1955 Joe Hin Tjio, akiwa Lund, Sweden, pamoja na Albert Levan, alizivimbisha seli kwa maji yenye chumvi kidogo na kuzisimamisha kwa dawa ya kolchisini, kromosomu zikatawanyika, akazihesabu: 46. Wakatangaza mwaka 1956. Tjio hakuwa na macho makali kuliko waliomtangulia. Aliandaa sampuli vizuri zaidi, kisha akaandika alichokiona, si kilichoandikwa vitabuni.

Ndugu zangu, hili ndilo nililotaka tulichukue. Mwisho wa kila zoezi tunapima usafi wa DNA yetu kwa mwanga, na karatasi inasema uwiano mzuri ni kama 1.8. Kila mmoja anajua namba inayosubiriwa, na ni rahisi mno kuiandika. Hakuna atakayejua. Lakini wengi wetu miaka michache ijayo tutakuwa kwenye maabara za hospitali na za mahakama. Namba tutakayoiandika itaamua mtoto ni wa nani, mgonjwa anywe dawa gani, mshtakiwa arudi nyumbani au asirudi. Mkono uliozoea kubuni namba chuoni hautaacha ukiajiriwa. Hiyo ni amana, na tutaulizwa.

Miescher hakujua alichokishika. Aliyekuja baada yake alijua zaidi, na aliyekuja baada ya huyo akajua zaidi tena. Wote waliweza kujenga juu ya kazi yake kwa sababu alichokisema kuhusu chupa yake kilikuwa kweli. Huko Tübingen bado ipo chupa ndogo ya nukleini aliyoitoa kwenye salmoni, na jiko lile la ngome sasa ni makumbusho.

Tumwombe Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na atupe ukweli katika kazi zetu. Wabillahi tawfiq.